Yai la Yaya Aziza: Maisha ya Mama Georgette Nabintu, Mpika Sabuni wa Rugenge (1932–1991)

Mengi ya haya yatakayosomwa, marehemu aliyasikia kwa masikio yake. Alisomewa Jumapili tarehe 5 Mei 1991 akiwa kitandani, akarekebisha tarehe mbili na jina la kijito kimoja, kisha akasema yabaki hivyo hivyo. Alitoa sharti moja: habari ya yai isiachwe, na isipambwe.

Georgette Nabintu alizaliwa tarehe 3 Septemba 1932 huko Runingu, katika bonde la Ruzizi, mtoto wa tatu kati ya saba wa mzee Gratien Kashindi na Mama Namulisa. Baba yake alilima pamba kwa lazima na mihogo kwa hiari. Hivyo ndivyo mzee mwenyewe alivyozoea kusema, na watoto walijua mapema ni shamba lipi lililowalisha. Georgette alichuma pamba tangu akiwa na miaka sita. Hadi uzeeni aliweza kukushika kiganja na kukuambia kama umewahi kuchuma pamba au unadanganya.

Mwaka 1942 alipelekwa kwa shangazi yake mjini Uvira akasome kwa masista wa misheni. Alisoma miaka mitano. Hesabu aliipenda, katekisimu aliiweza, kushona aliwaachia wenzake. Mwaka 1944, kwa kuwa vita vya Ulaya vilikuwa vimekata sabuni madukani, sista mmoja aliwafundisha wasichana kupika sabuni ya majivu. Somo lilikuwa la asubuhi moja tu. Katika daftari lake, ambalo lipo hadi leo nyumbani Rugenge, Georgette aliandika maneno manne: majivu, maji, mafuta, yai. Hakuandika yai linafanya nini. Alikuwa akitazama dirishani.

Tarehe 20 Oktoba 1951 alifunga ndoa na Evariste Ngongo, mzaliwa wa Kalundu, msaidizi wa karani katika ghala la pamba. Wakapata kiwanja Rugenge, nyumba ya vyumba viwili iliyotenganishwa na ya jirani kwa ua wa matete. Jirani huyo alikuwa Aziza binti Maneno, mjane, Mwislamu wa koo za wafanyabiashara waliokaa mwambao huu tangu enzi za babu zao. Aliuza mafuta ya mawese yaliyoletwa kwa mitumbwi kutoka Mboko. Georgette alimwita yaya, dada mkubwa, tangu wiki ya kwanza, na yaya alimwita Mama Gaspard hata kabla Gaspard hajazaliwa, kwa sababu alikuwa ameshaamua mtoto atakuwa wa kiume na jina alikuwa amelisikia likitajwa kupitia matete. Ua ule haukuzuia sauti yoyote. Jambo hili lina maana katika habari inayofuata.

Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, walicheza ngoma ufukweni mpaka miguu ikavimba. Kufikia Septemba ghala la pamba lilikuwa limefungwa. Wenye ghala walivuka mpaka kwenda Usumbura na hawakurudi, na Evariste alikuja nyumbani na rula yake, penseli yake na barua isiyosema lini atarudishwa kazini. Watoto walikuwa watatu. Mji ulikuwa mdogo: nusu yake iliishi kwa mishahara ya watu waliokwisha kuondoka, na nusu ya pili iliishi kwa kuiuzia ile nusu ya kwanza.

Georgette alijaribu maandazi, unga ukakosekana. Alijaribu kubeba mihogo kutoka Runingu kwa kichwa, lakini kila mwenye shangazi Runingu alikuwa na wazo hilo hilo. Mwezi wa Februari 1961 alifungua daftari lake la shule.

Sabuni ya kwanza aliipika kwa majivu ya maganda ya ndizi, mafuta ya Yaya Aziza, na, kwa kuwa daftari lilisema yai, akapasua yai akalitia chunguni. Alifua nayo shati la Evariste la Jumapili. Evariste alilivaa kwenda misa. Katikati ya mahubiri watu wa benchi la mbele waligeuka, na baada ya mahubiri benchi lake lote lilikuwa tupu.

"Mama Gaspard," alimwambia waliporudi, "hii sabuni yako inaondoa uchafu na batu pia."

Kesho yake Georgette alikwenda misheni kwa miguu. Sista yule, mzee sasa, alicheka hadi akashika ukuta. "Binti yangu, yai si la kupika. Yai ni la kupimia." Akamweleza upya. Majivu yanatiwa katika chungu chenye matundu, yanamwagiwa maji, na maji yanayodondoka chini ndiyo makali ya sabuni. Ukitaka kujua kama yamekolea, weka humo yai bichi la siku hiyo. Likizama, maji ni dhaifu, yarudishe juu ya majivu mengine. Likielea na kutoa kichwa cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, washa moto.

Tangu siku hiyo Georgette hakupika bila kupima. Sabuni yake ilikuwa ya rangi ya kahawia, laini, iliyoviringwa kama tonge na kufungwa kwa jani la mgomba. Alipimia mbele ya wateja sokoni, na hilo lilimpa jina. Kwa miaka mitatu nyumba ile ilikula kwa matonge hayo. Evariste, karani asiye na ofisi, alichoma maganda na kuchekecha majivu, akaandika kwa penseli yake majivu ya mti gani yanatoa maji makali kwa siku ngapi. Watu walimcheka kwamba mke wake amemwajiri. Alijibu kwamba ni mwajiri wa kwanza ambaye hakuvuka kwenda Usumbura.

Katikati ya Mei 1964 wapiganaji wa uasi waliingia Uvira. Wengi walikimbilia milimani, wengine ng'ambo ya Ruzizi. Georgette alikuwa na mimba ya Charlotte, miezi saba, na hakuweza kupanda. Walibaki. Wiki ya kwanza kuku wa Rugenge waliliwa wote, isipokuwa mtetea mmoja ambaye Yaya Aziza alimficha katika chumba cha mafuta, chini ya kikapu. Jogoo wake hakubahatika.

Wapiganaji waliamini dawa yao. Walinyunyiziwa maji na kuchanjwa chale zilizopakwa majivu, na risasi, waliambiwa, ingegeuka maji, maadamu hawavunji miiko. Miiko ilikuwa mingi: usiguse mwanamke, usigeuke nyuma vitani, na kwa kikosi kilichokaa Rugenge, usioge kwa sabuni, kwa sababu sabuni ni ya Mzungu na inaosha dawa. Georgette alipewa ruhusa ya kuwauzia raia. Kumuuzia mpiganaji ilikuwa kifo.

Mmoja wa wapiganaji hao alikuwa Sévère, mtu wa Lemera. Upele ulimla mwili mzima. Asubuhi moja mwishoni mwa Juni alisimama kwenye ua wa nyuma, ambapo Evariste alikuwa akichekecha majivu.

"Papa, minye ninakufa na kujikuna. Unisaidie na kipande tu."

"Bwana, weye unajua sheria yenu. Batakuua, na minye pia."

"Papa, angalia hii mukono."

Evariste aliutazama mkono ule. Akampa tonge moja bure, akamwambia aende mbali, kwenye mdomo wa mto Mulongwe, akaoge huko. Hakumwambia mke wake. Alikuja kusema baadaye kwamba lilikuwa tendo la huruma pekee maishani mwake ambalo alilifanya bila kulifikiria mara mbili, na kwamba tangu hapo alifikiria mara tatu.

Siku chache baadaye Sévère alipigwa risasi ya paja kwenye barabara ya Kamanyola. Mganga wa kikosi alitaka kujua ni mwiko gani umevunjwa. Hakuhitaji kuuliza sana: majeruhi alikuwa na ngozi safi na alinukia mawese. Jumatano tarehe 8 Julai walimchukua Evariste, wakamfunga mikono, wakamweka katika ghala lile lile la pamba alilokuwa akifanyia kazi. Habari ilimfikia Georgette kabla ya adhuhuri: Jumamosi atahukumiwa, na mharibifu wa dawa hutupwa ziwani akiwa amefungwa.

Jumamosi tarehe 11 Julai, saa nne asubuhi, aliingia uwanja wa ghala akiwa na tumbo la miezi tisa. Yaya Aziza alikuwa nyuma yake. Evariste alikuwa amekaa chini karibu na mzani wa pamba. Wapiganaji kama arobaini walizunguka, na nyuma yao nusu ya Rugenge. Kamanda wao, Jean-Berchmans, aliyewahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi, alikaa juu ya kiti cha karani mkuu.

"Weye ndiye mama ya sabuni?"

"Ndiyo, Komanda."

"Bwana yako aliharibu dawa ya muntu yetu. Sabuni ni kitu ya Bazungu."

"Kitu ya Bazungu iko na karatasi na jina juu yake," alijibu Georgette. "Yangu iko na jani ya mugomba. Ni majivu, maji na mafuta ya Mboko, basi. Na zile chale yenu, Komanda, banazipaka nini? Si majivu?"

Watu wa nyuma walicheka, kisha wakakumbuka walipo. Mganga hakucheka. Alisema anasikia sokoni wanasifu maji ya mama huyu, kwamba yana nguvu za kubeba yai. Kama ni majivu matupu, majivu yoyote yatafanya hivyo. Yaletwe majivu ya jiko la kikosi, mama achuje hapa hapa mbele ya watu, na yai litiwe. "Ikielea, majivu yake ni ndugu ya majivu yetu, na muntu yetu alivunja mwiko ingine. Ikizama, bwana yake anaenda mu ziwa leo."

Majivu yaliletwa katika debe. Georgette aliyatazama mara moja akajua. Yalikuwa ya mabua na nyasi mbichi, nusu yake mchanga, na mvua ilikuwa imeyapata siku za nyuma. Aliyatia katika chungu, akamwagia maji, akasubiri. Kwa saa nzima uwanja ulisikiliza matone. Alipochovya vidole na kuvisugua, havikuteleza. Yalikuwa maji tu, yenye rangi ya chai. Hata yai la njiwa lisingeelea humo.

Alitaka kuomba muda. Kamanda hakumpa. "Leteni yai!"

Hakuna aliyesogea, maana wao wenyewe walikuwa wamekula kila kuku wa Rugenge. Ndipo Yaya Aziza aliponyoosha mkono.

"Minye niko na moja."

"Weye? Ulitoa wapi yai?"

"Komanda, unataka yai ao unataka historia ya yai?"

Kusema vile kulikuwa kukiri kwamba amewaficha kuku. Alikwenda nyumbani, mpiganaji mmoja akimngoja mlangoni, akarudi na yai moja jeupe, akamwekea Georgette kiganjani bila kumtazama usoni.

Lilikuwa jepesi. Georgette alikuwa ameshika mayai ya kupimia kila wiki kwa miaka mitatu, na uzito wa yai la siku hiyo aliujua kama uzito wa kidole chake mwenyewe. Hili lilikuwa kama ganda tupu, na lilipotikisika kidogo, kitu kilichezacheza ndani. Yule mtetea wa chini ya kikapu alikuwa amelalia kwa zaidi ya mwezi mayai yasiyo na baba. Yai la namna hiyo huelea hata katika maji ya kunywa.

Hakumtazama Yaya Aziza. Alipiga magoti kwa shida, akaliweka katika beseni, akaondoa mkono.

Yai lilielea. Halikutoa kichwa cha ukubwa wa ukucha tu. Lilipanda juu na kulala ubavu, kama mtu anayeota jua. Uwanja ulipiga kelele. Mganga aliinama, akalisukuma chini kwa kidole, likarudi. Akalisukuma tena, likarudi.

"Inabeba," alisema.

Kisha mpiganaji mmoja mwenye njaa akanyoosha mkono alichukue. Hapo ndipo, marehemu alisema, alipoogopa kuliko dakika yoyote ya asubuhi ile. Kama lingepasuliwa, harufu ingesema yote.

"Wacha!" alipaza sauti. "Yai ya maji ya majivu haikuliwe! Unataka tumbo lako litoke kwa mudomo? Hii inazikwa."

Akalizika mwenyewe, pembeni mwa mzani, kwa mikono miwili, na hakuna aliyeona ajabu, kwa kuwa watu wenye miiko mingi hawashangai mwiko mmoja zaidi. Kamanda aliamuru kamba zikatwe. Evariste alisimama, akaanguka, akasimama tena. Walirudi nyumbani watatu, polepole, kwa ajili ya tumbo la Georgette na miguu ya Evariste. Jioni hiyo wapiganaji walikuja kumchukua mtetea. Yaya Aziza aliwapa na kikapu. Charlotte alizaliwa siku sita baadaye, Ijumaa tarehe 17 Julai.

Mwezi wa Oktoba jeshi la serikali lilirudi Uvira, na wapiganaji wakapanda milimani upande wa Fizi. Sévère, aliyeachwa nyuma kwa sababu ya paja lake, alifichwa na familia yake Lemera. Mwaka 1967 alikuja Rugenge akichechemea, akasimama kwenye ua ule ule wa nyuma, akauliza kama kuna kazi. Evariste alimjibu kwamba safari hii aulize mke kwanza. Kwa miaka ishirini na mitatu Sévère alipeleka sabuni ya Mama Georgette katika masoko ya Luvungi na Lemera. Yupo hapa leo, mstari wa pili.

Kuhusu kazi hiyo kuna jambo la kusema wazi. Sabuni ya kiwanda iliporudi madukani mwaka 1968, ile ya Georgette ilikwama, naye akahamia kukausha dagaa na kushonesha sare za shule. Maduka ya wageni yalipopewa wenyeji kwa amri ya serikali mwaka 1973 na kubaki matupu, chungu chenye matundu kilirudi uani. Ndivyo ilivyokuwa maisha yake yote: nchi ilipotulia alitafuta kazi nyingine, nchi ilipoyumba watu walimtafuta yeye. Hakufurahia jambo hilo. Alisema angependa kufa bila kazi. Hata hivyo, kwa chungu hicho na vingine vilivyofuatana navyo, watoto sita walisoma, na wajane kumi na mmoja wa Rugenge walifundishwa kupika na kupima, bila kufichwa hatua yoyote.

Lilimsumbua jambo moja. Mji uliamini kwamba siku ile kulitokea muujiza. Katekista alimwomba ashuhudie kanisani mwaka 1965, tena 1970, tena 1981. Kila mara alijibu, "Minye nilipika sabuni, basi." Watu walidhani ni unyenyekevu. Ilikuwa aibu. Yeye aliyepima mbele ya kila mteja aliona kwamba maisha ya mume wake yamesimama juu ya kipimo cha uongo, na aliogopa Evariste akijua ataona kwamba aliokolewa kwa ulaghai wa wanawake wawili. Yeye na Yaya Aziza hawakulizungumza hata mara moja. Yaya Aziza alifariki mwaka 1978 na kuondoka nalo.

Kifua kilianza kumsumbua Georgette mwaka 1984. Moshi wa miaka mingi haukumsamehe. Alilazwa hospitalini Uvira mara nne. Mwezi wa Aprili mwaka huu aliomba arudishwe nyumbani. Ile Jumapili ya tarehe 5 Mei, baada ya kusomewa sehemu za mwanzo, alisema habari ya mwaka 1964 haijakamilika. Akamwita mume wake akae karibu, akamwambia habari ya yai, toka mwanzo hadi lilipozikwa, akiwa amefumba macho.

Papa Evariste akasema, "Mama Gaspard, minye nilijua."

Georgette akafumbua macho. "Ulijua nini?"

"Ile kuku ilikuwa inalia nyuma ya matete kila asubuhi. Minye ni karani. Siku ilibadilisha sauti na kuanza kulalia niliandika: tarehe moja mwezi wa sita. Siku balinichukua ilikuwa siku ya makumi tatu na nane, na jogoo balikula zamani. Wakati Aziza alisema iko na yai, nilimushukuru Mungu na nikamushukuru kuku."

"Miaka makumi mbili na saba, na hukusema?"

"Na weye, ulisema? Nilifikiri ni weye haujue. Nikasema, nisimuvunjie muujiza yake."

Marehemu alicheka. Alicheka hadi kikohozi kikamshika, na kilipomwachia akacheka tena, akimpiga mume wake begani kwa mkono usio na nguvu. "Muzee mubaya weye," alisema. Kisha akatoa sharti lake: yasomwe kaburini, kila mtu asikie, wasimwekee uongo juu ya udongo. Waliomuuguza wanasema tangu siku hiyo hakushtuka tena usingizini. Alifariki Jumanne tarehe 14 Mei 1991, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane.

Ameacha mume, Papa Evariste Ngongo. Watoto sita, Gaspard, Norbert, Safi, Charlotte, Octave na Aziza, wa mwisho, aliyepewa jina la jirani. Wajukuu kumi na tisa. Dada mmoja huko Runingu. Na daftari lenye maneno manne. Chini ya neno la nne, kwa penseli ya mume wake, sasa pameandikwa: la kupimia, liwe la siku hiyo.

Mama Georgette ameondoka mwepesi, bila jambo alilolificha. Mungu ampokee kama alivyo, na apumzike kwa amani.